KAZI ZA MIKONO: Maswali ya Mtu Anayeanza Kuviringa Karatasi

Ipo kazi ya mikono isiyotaka stima, wala karakana, wala mtaji wa kukopa. Mtu hukata karatasi za rangi kuwa tepe nyembamba, huziviringa moja moja, huzibana kwa vidole zipate umbo la petali au la jani, kisha huzisimamisha kwa ukingo juu ya kadi na kuzishika kwa gundi. Waingereza huiita kwilingi. Kadi za namna hii huonekana katika arusi na sikukuu, na mtu akiishika moja mkononi aghalabu husema, "Hii hata mimi naiweza." Huenda akaiweza. Lakini wako wengi wanunuao vyombo, wakajaribu jioni tatu, kisha sanduku likatiwa chini ya kitanda lisionekane tena. Makosa yanayowavunja moyo ni machache, na karibu yote ni yale yale. Wengine kosa lao ni kubwa zaidi: hupokea fedha za watu kabla ya kujua kazi yenyewe huchukua saa ngapi, na habari hiyo itaelezwa mbele.

Swali la kwanza huulizwa na wanaume, tena kwa sauti ya chini: Je, huu si mchezo wa watoto? Sivyo. Jina lenyewe ladhaniwa limetoka katika neno la Kiingereza la unyoya wa ndege, maana zamani tepe ziliviringwa juu ya shina la unyoya. Masista wa makonventi ya Ufaransa na Italia waliviringa karatasi zenye ukingo wa dhahabu, wakapamba visanduku vya masalio ya watakatifu. Katika karne ya kumi na nane kazi hii ilienea sana kwa mabibi wa Uingereza, hata mwaka 1786 gazeti moja la London, The New Lady's Magazine, likachapa mifano ya mapambo yake. Mwaka 1791 mfanyabiashara Charles Elliott alimpelekea Princess Elizabeth, binti wa Mfalme George III, wakia 15 za karatasi za rangi mbalimbali, na wakia moja ya karatasi ya dhahabu. Visanduku vya majani ya chai vilivyopambwa hivyo vimehifadhiwa hata leo katika Makumbusho ya Victoria and Albert mjini London. Naye Jane Austen, katika kitabu chake cha Sense and Sensibility cha mwaka 1811, alimweka msichana mmoja akitengeneza kikapu cha karatasi kwa ajili ya mtoto aliyedekezwa, na mwenzake akajitolea kumsaidia kuviringa, kumbe shabaha yake ni kupata nafasi ya kuzungumza naye siri pembeni. Aliyewahi kukaa karibu na watu wawili waliokazana kuviringa atakubali kwamba mwandishi huyo aliijua kazi vizuri: mikono ina shughuli, lakini masikio na ulimi vina nafasi.

Basi mtu aanze na nini? Aanze na karatasi, wala si vyombo. Karatasi ya kawaida ya ofisini, ile ya gramu 80 kwa mita moja ya mraba, yafaa kabisa kwa kujifunzia. Ya gramu 100 au 120 ni bora zaidi kwa kazi ya kuuza, maana husimama imara. Karatasi ya gazeti haifai. Kwanza ni laini mno, na msokoto wake ukiachwa haufunguki kwa nguvu. Pili hugeuka rangi ya manjano kwa muda mfupi. Kurasa safi za daftari kuukuu ni afadhali kuliko gazeti.

Hapa pana jambo ambalo wanaoanza hawaambiwi. Karatasi ina ulalo wa nyuzi zake, kama ubao ulivyo na ulalo wake, na seremala hana haja ya kuelezwa maana yake. Mtu ashike karatasi kwa kingo mbili zinazoelekeana, azisogeze polepole pamoja kana kwamba anataka kuifanya bomba, bila kuivunja. Kisha aigeuze, ajaribu kwa kingo nyingine mbili. Upande mmoja utakubali kupinda kwa urahisi, na wa pili utashindana naye. Tepe zikatwe zikielekea upande uliokubali, yaani urefu wa utepe utoke ukingo mmoja kati ya ile miwili iliyosogezwa bila taabu, ufike mwenzake. Utepe uliokatwa hivyo hujipinda taratibu na kufanya duara safi. Uliokatwa kinyume hufanya vipembe vipembe, na mwanafunzi hujilaumu vidole bure.

Upana unaomfaa anayeanza ni milimita 3. Karatasi ya kawaida ya ofisini ina urefu wa milimita 297 na upana wa milimita 210. Kwa hiyo ikikatwa kwa urefu hutoa tepe 70, na ikikatwa kwa upana hutoa tepe fupi 99, ukiacha zitakazoharibika. Alama zitiwe kwa penseli kali kwenye kingo zote mbili, rula iwe ya chuma, na wembe uwe mpya. Mkasi huacha ukingo wenye mawimbi. Ubaya wa tepe zisizolingana hauonekani zikiwa mezani. Huonekana baadaye, wakati petali nne zinaposimama sawa na ya tano kuchungulia juu ya wenzake kama mtu mrefu katika picha ya shule. Makarani wengine wamegundua kwamba ile mashine ya ofisini ikatayo karatasi za siri hutoa tepe nyingi kwa dakika moja. Ni kweli kwa zile mashine zikatazo tepe ndefu, ingawa tepe zake huwa pana zaidi, nazo zafaa kwa maua makubwa. Lakini heri kuomba ruhusa kwanza, na karatasi iwe ya mtu mwenyewe. Maana ua lenye nusu ya jina la mshitakiwa kwenye petali yake laweza kuleta maswali.

Chombo cha kuviringia huuzwa madukani, si kibaya, lakini si lazima. Sindano kubwa ya kushonea magunia, yaani shazia, yatosha. Ncha ya tundu lake hukatwa kwa koleo hata tundu likawa uma wenye meno mawili. Upande mkali huzamishwa ndani ya kizibo cha kork au kijiti laini kiwe mpini. Mwisho wa utepe huingizwa kati ya meno mawili, na mpini ukazungushwa. Anayependa kitovu kidogo zaidi huviringa juu ya sindano nzima isiyo na uma. Hiyo ni kazi ngumu kidogo, na haina haja ya kuharakishwa.

Katika kuviringa, mkono mmoja huzungusha mpini na mwingine huongoza utepe tu. Kosa la kawaida ni kuuvuta utepe kwa nguvu, hata msokoto ukatoka kama koni ya kutia karanga. Kidole cha shahada kikae juu ya msokoto na gumba chini, vikiulinda ukingo usipande wala kushuka. Ukiisha umepanda kidogo, hugongwa taratibu juu ya meza ukiwa bado haujatiwa gundi.

"Kwa nini kitovu hutoka nje ninapochomoa chombo?" Swali hili huulizwa karibu na kila mwanafunzi. Sababu ni kwamba meno ya uma yameubana mwisho wa utepe. Kabla ya kuchomoa, mpini uzungushwe nyuma kidogo sana, kiasi cha robo ya mzunguko, ili utepe ulegee. Kisha msokoto usukumwe kwa ukucha kutoka chini. Usivutwe kutoka juu.

Msokoto uliotoka ukiwa umekaza, ukatiwa gundi papo hapo, huwa kitovu cha ua au tunda dogo. Ukiachwa ufunguke wenyewe, kisha ukatiwa gundi, huwa duara legevu, na duara hilo ndilo mama wa maumbo mengine. Likibanwa upande mmoja huwa tone la maji, ambalo ndilo petali. Likibanwa pande mbili huwa jicho, nalo hufanya jani zuri. Likibanwa pande tatu au nne, mtu atajionea mwenyewe. Wanaoanza hubana kabla ya gundi kukauka, na umbo hufunguka usiku wakiwa wamelala.

Petali zisizolingana ukubwa ndizo huharibu kadi nyingi kuliko jambo jingine lolote. Mwanafunzi hudhani ni jicho lake lililo bovu, na kumbe ni kipimo kilichokosekana. Mambo mawili yatosha kuondoa shida hiyo. Tepe zote za petali za ua moja zikatwe urefu mmoja, kwa kuziweka pamoja na kuzikata mara moja. Kisha msokoto usiachwe kufunguka ovyo mezani, bali uachiwe ndani ya kitu kilicho duara, kama kifuniko cha chupa ndogo ya dawa. Utafunguka hata uguse ukuta wa kifuniko, na hautazidi hapo. Misokoto mitano iliyofungukia katika kifuniko kimoja itakuwa ndugu wa tumbo moja. Wauzao vyombo huuza kibao chenye matundu ya ukubwa mbalimbali kwa kazi hiyo. Nacho chaweza kutobolewa nyumbani katika kadibodi nene.

Juu ya gundi, kanuni ni fupi: kidogo. Gundi nyeupe ya maji, ile itumikayo mashuleni na kwa maseremala, hukauka ikawa haionekani, lakini si ikiwa imemwagwa. Tone moja liwekwe juu ya kifuniko cha kopo, mtu achovye ncha ya kijiti cha meno, aguse mwisho wa utepe. Kiasi cha kichwa cha pini chatosha. Kunata kipande juu ya kadi ni vivyo hivyo: gundi hupakwa nyembamba juu ya kigae au kipande cha kioo, kipande kikaguswa hapo kwa ukingo wake wa chini, kisha kikawekwa mahali pake mara moja, bila kusukumwasukumwa. Kitambaa chenye unyevu kiwe karibu, maana vidole vyenye gundi huacha madoa yanayong'aa juu ya kadi, na madoa hayo hayatoki. Mwisho wa utepe ukichanwa kwa vidole badala ya kukatwa, kiungo hakionekani sana, kwa kuwa ukingo uliochanika ni mwembamba.

Wengine huuliza kama uji wa unga wa ngano wafaa. Hushika, ni kweli, na bei yake ni ndogo. Ila mende huupenda, na wakati wa masika huota ukungu. Gundi ya migunga, ile ikusanywayo kaskazini mwa Kenya katika nchi za Turkana, Samburu na Marsabit, ni safi na imetumika tangu zamani kwa stempu na bahasha. Walakini tabia yake ni kulainika tena ikipata maji, kwa hiyo kwa kadi itakayokaa pwani gundi nyeupe ni salama zaidi.

Swali la vanishi lina majibu mawili. Kwa kitu kitakachovaliwa, kama hereni, vanishi yahitajiwa, maana jasho na mvua haviachi karatasi. Kwa kadi au picha ya ukutani haina haja, na mara nyingi hudhuru: rangi huiva ikawa nzito kuliko ilivyokusudiwa, na vanishi ya maji ikipakwa nyingi hulowesha msokoto hata ukavimba na kulegea. Anayepaka apake nyembamba, aache ikauke, kisha arudie. Na kwanza ajaribu juu ya kipande kisicho na thamani. Picha ya ukutani iwekwe katika fremu yenye kina, kioo kisiguse karatasi, nayo isitundikwe mahali pa kupigwa na jua la mchana, maana nyekundu na zambarau hufifia upesi.

Sasa ni lile swali ambalo wengi huliweka la mwisho, ingawa ndilo lililowaleta: Je, kazi hii yaweza kumpa mtu fedha? Yaweza. Nchini Vietnam na India wako wengi waitumiao kwa biashara, wale kwa kadi zipelekwazo ng'ambo, hawa kwa hereni na mapambo ya mwili. Lakini aulizaye hapa aghalabu ameisha kuahidiwa kazi. Jirani ana arusi, ameiona kadi moja nzuri, anataka 100. Mwanafunzi amefurahi, ametaja bei kwa kukisia, na amepokea arubuni.

Chukua karatasi na penseli. Ua moja la kawaida lina petali 5, kitovu 1 na majani 2, jumla vipande 8. Kadi yenye maua matatu ina vipande 24. Mtu aliyezoea huenda akamaliza kipande kimoja kwa dakika 2, yaani dakika 48 kwa kadi. Kwa kadi 100 ni vipande 2,400, na dakika 4,800, ambazo ni saa 80. Karani arudiye nyumbani saa kumi na moja jioni, akala, akapata saa mbili tu za kazi kabla ya kulala, atahitaji jioni 40. Na hapo hajakata utepe hata mmoja, hajanata, hajangoja gundi ikauke, wala hajahesabu vile vitakavyoharibika, au jioni ambayo mtoto atakuwa na homa. Arusi ni baada ya wiki tatu. Katika kisa cha namna hii ndipo ujirani huharibika, kwa sababu bwana arusi hawezi kuwaalika watu kwa kadi zilizobaki mezani kwa mtu mwingine.

Hesabu hiyo hiyo yaonyesha njia ya kutoka. Kadi yenye ua moja tu, lililowekwa kwenye pembe, ina vipande 8. Kadi 100 ni vipande 800, dakika 1,600, yaani saa 26 na dakika 40, au jioni 14. Wiki tatu zatosha, na zabaki siku za kunata. Tena kadi yenye ua moja na nafasi tupu kuzunguka hupendeza macho kuliko iliyojazwa maua hadi ukingoni. Wanaoanza huogopa nafasi tupu, na mteja hupewa msitu. Kwa hiyo mtu asitaje bei hata ametengeneza kadi tatu kamili akiwa na saa mbele yake, akaandika dakika. Gharama ya karatasi na gundi ni ndogo sana. Mteja analipia saa, na asiyejua saa zake ni ngapi huziuza bure. Arubuni ichukuliwe, maana karatasi hununuliwa, lakini ichukuliwe baada ya hesabu.

Aonaye kwamba kazi ya maua yamchosha anaweza kutazama jirani yake, yaani shanga za karatasi, ambazo zimekwisha kuzoeleka sana katika Afrika Mashariki. Huko Kireka, kando ya mji wa Kampala, katika mtaa uitwao Acholi Quarters, akina mama waliokimbia vita vya kaskazini mwa Uganda, wengi wao wakiponda mawe kwa riziki, waligeukia kuviringa shanga kutokana na karatasi za magazeti ya picha na matangazo. Na tangu mwaka 2004 shirika la BeadforLife lilisaidia kuziuza hata Marekani. Shanga haikatwi kwa utepe sawa bali kwa pembetatu ndefu, upana wa kama sentimita 2 au 3 kwenye kitako, ikaviringwa kuanzia kitako hadi ncha juu ya sindano, ikatiwa gundi na vanishi. Haitaki kadi wala fremu, haivunjiki kwa upesi, na tofauti ndogo kati ya moja na nyingine huhesabiwa kuwa uzuri. Mikono iliyojifunza kuviringa utepe itaiweza shanga siku hiyo hiyo.

Juu ya kupeleka kadi kwa posta: kadi ya kawaida ni bapa, lakini hii ina kimo cha milimita 3, na ikitiwa katika bahasha tupu itafika imelala chali. Kata fremu ya kadibodi yenye unene kupita maua, iwekwe kuzunguka kadi, kisha kadibodi nyingine nzima juu yake, ndipo bahasha. Uzito utaongezeka, na stempu pia, na gharama hiyo iingie katika bei tangu mwanzo. Kipande kimoja kikiachia njiani, mpokeaji akirudishe kwa tone la gundi juu ya ncha ya kijiti. Hivyo ni vizuri kumwandikia mstari mmoja nyuma ya kadi kumwelekeza, pamoja na petali moja ya akiba iliyotiwa ndani ya karatasi iliyokunjwa.